Zamu ya Ednah

Kiharusi cha Muthomi kilipoingia mwaka wa pili, Kagwiria alikuwa amezoea kuulizwa hali ya mumewe na watu wasiosubiri jibu. Miezi ya kwanza nyumba yao ya vyumba viwili hapo Makutano, Meru, ilijaa wageni. Walimu waliofundisha na Muthomi walitoka Muthara na mikungu ya ndizi na maombi marefu. Kisha wakapungua, wakabaki kupiga simu, na mwishowe hata simu zikakatika. Kagwiria hakuwalaumu. Kuchoka alikujua.

Kazi ilikuwa ile ile kila siku: kumwosha, kumlisha uji kijiko kwa kijiko, kumgeuza, kufua, kumgeuza tena. Muthomi alikuwa mtu wa mifupa mikubwa, na upande wake wa kulia ulikuwa umelala kabisa. Maneno nayo yalikuwa yamemtoka, likabaki moja tu, "ii," yaani ndiyo kwa Kimeru, na kwa hilo ilibidi aseme njaa, hasira na shukrani.

Siku alipoona ngozi ya kiuno cha Muthomi imeanza kuwa nyekundu, Kagwiria aliingia Facebook, kwenye kikundi cha watu wanaouguza wagonjwa nyumbani, akaandika: "Mgongo unaniuma. Mtu mzito mnamgeuza aje mkiwa peke yenu?"

Wengi walimwandikia kwamba Mungu ni mwema. Mmoja, Ednah Njura wa Runyenjes kule Embu, alimuuliza kama ana shuka kuukuu la pamba.

"Likunje mara mbili, umlaze juu yake," Ednah alisema katika ujumbe wa sauti. "Halafu uvute shuka, usivute mtu. Mto uweke katikati ya magoti. Jaribu, uniambie."

Alijaribu, akamwambia. Kesho yake Ednah akauliza wekundu umefikia wapi, na kuanzia hapo haikupita siku bila mmoja kumtafuta mwenzake.

Ednah alikuwa akimuuguza mama yake, mzee aliyesahau watoto wake wote lakini mikono yake haikusahau kuchuma kahawa. Kutwa nzima vidole vyake vilichuma blanketi. Saa nne asubuhi, wagonjwa wakisinzia, wanawake hao wawili walitumiana sauti. Siku nyingine hapakuwa na la kusema. Kagwiria alisikia tu kuku wa Ednah, na Ednah akishusha pumzi.

"Leo sina neno."

"Hata mimi. Tuma tu hivyo hivyo."

Mwezi wa sita mama yake Ednah akafariki. Kagwiria aliiona picha ya mzee huyo kwenye simu, akaanza kuandika pole, na kabla hajamaliza akakuta moyoni mwake neno jingine limetangulia: mwenzangu amepumzika. Alijiogopa. Alituma pole fupi. Mazishini hakwenda, maana Muthomi angemwachia nani, na alishukuru kuwa na sababu hiyo. Baada ya hapo hakujua waongee nini. Ednah naye alinyamaza. Wiki nne zikapita, na saa nne ya asubuhi ikawa saa kama nyingine.

Kisha ujumbe ukaingia. "Uko? Naomba nije kukuona. Nielekeze tu."

Kagwiria alitazama karai lililokuwa chini ya kitanda, akanusa harufu ambayo kwa kawaida hakuisikia tena. Aliandika asije, akafuta. Mwishowe akaandika lililokuwa likimsumbua: "Ednah, mama alipoaga nilikuonea wivu."

Jibu lilichelewa. Uji wa Muthomi ulikuwa umeshapoa lilipofika.

"Nilijua. Mimi mwenyewe niliamka siku ya pili nikashukuru, halafu nikajichukia. Nyumba yenu iko upande gani wa barabara?"

Alikuja Jumamosi asubuhi. Alikuwa mfupi, na mzee kuliko picha yake. Kagwiria alimsalimia huku akitazama nyuma yake, kana kwamba mwenye ile sauti alikuwa bado anakuja. Ednah alivua sweta, akanawa mikono, akaenda moja kwa moja kitandani.

"Mwalimu, mimi ni Ednah. Nitakugeuza kidogo."

"Ii," Muthomi alisema.

Alimgeuza vizuri, bila papara. Kisha akamwangalia Kagwiria. "Wewe nenda ukalale."

"Wacha nikupikie chai kwanza."

"Chai nimekunywa. Lala."

Kagwiria alilala chumba cha pili akiwa na viatu. Alipoamka jua lilikuwa limeshahama dirishani, na kwa muda hakuelewa kwa nini hakuna aliyemwita. Alimkuta Ednah ameushika mkono mzima wa Muthomi, akimkata kucha. Macho ya Ednah yalikuwa yameloa.

"Nyumbani hawataki nimtaje mama," Ednah alisema bila kuinua kichwa. "Wananiambia sasa nimepumzika, nifanye mambo yangu. Mambo gani? Naamka alfajiri nasimama tu katikati ya nyumba."

Kagwiria aliketi kwenye benchi. Kichwa kilikuwa bado kizito kwa usingizi. "Mtaje hapa," alisema. "Alikuwa mtu wa aina gani kabla ya kuugua?"

Ednah alianza polepole. Mama alikuwa mkali, alisema. Alikuwa haazimi mtu sufuria. Aliwahi kumfukuza mchumba wa bintiye kwa sababu alikula bila kunawa. Kagwiria alicheka, akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Ilipofika saa tisa Ednah alipaswa kuanza safari ya kurudi. Alivaa sweta, akasimama mlangoni, akaliona karai la mashuka. Akaivua sweta tena. Walifua pamoja nje, mmoja akisugua, mwingine akisuuza, kisha wakashika ncha mbili za kila shuka na kulikamua, bila kuongea sana.