Kofia ya Kompyuta

Hivi wewe umewahi kuona kompyuta imevalishwa kofia? Kama hujaona, ungepita Mwembesongo, Morogoro, nyumbani kwa Bi Zuhura, ile nyumba ya mlango wa kijani ambayo baraza yake imepasuka saruji upande wa bomba. Chumba cha mbele kuna meza, na juu ya meza kuna kioo cha kompyuta. Pembeni yake limesimama lile boksi lake ambalo watu huliita sipiyu. Jioni ikifika, boksi hilo huvalishwa kofia ya nyuzi nyeupe, iliyofumwa kwa mkono, yenye mapindo ya bluu chini na ua jekundu kwa mbele.

Kofia hiyo aliifuma Bi Zuhura mwenyewe. Maisha yake yote amefuma: vitambaa vya makochi, vya redio, vya mabirika, vya kabati la vyombo. Alipoona vumbi la barabarani linavyoingia dirishani wakati wa kiangazi, akasema kompyuta nayo haiwezi kukaa uchi. Akaipima kwa kamba kama fundi cherehani anavyompima bibi harusi, akafuma. Lile ua jekundu aliliweka pale pale penye kitufe cha kuwashia, akalijaza petali juu ya petali mpaka likawa nene kama andazi dogo. Aliona hapo ndipo usoni pa mashine, na uso ndio wa kupambwa.

Mwenye kompyuta ni Hafidha, mkwewe, mjane wa mwanawe Dadi. Dadi hakuacha mtoto. Eda ilipokwisha, majirani walikaa wakimtazama Hafidha watamwona lini anafunga mizigo kurudi kwao Tanga. Hakufunga. Aliitoa kompyuta ya marehemu chumbani, akaiweka chumba cha mbele, akaanza kuchapa kazi za watu: wanafunzi wa chuo kule Mazimbu, kadi za harusi, barua za wenye viwanja. Asubuhi, kabla hajaiwasha, alikuwa ameshambandikia Bi Zuhura maji ya kuoga, na ameshamwekea dawa ya presha kwenye kisosi, kidonge kimoja kizima na nusu ya kingine. Sindano zikishindikana kutungwa uzi, yeye ndiye mtungaji.

Bi Zuhura hakuwahi kumwuliza kwa nini alibaki, wala hakuwahi kumwambia abaki. Aliona kumwambia kijana wa watu "kaa" ni kumfunga kamba mguuni. Akija mtu wa kumposa, ataondokaje? Kwa hiyo alinyamaza. Shukrani zake alizipeleka kwenye mswala. Kila swala ya alfajiri alimtaja Hafidha kwa jina, na jina la baba yake, ili pasiwe na makosa.

Sasa, masika hii dada yake Hafidha, Pili, alifungua duka la vifaa vya ofisi huko Tanga, akawa anapiga simu: njoo unisaidie, mdogo wangu, huko Morogoro umebakia na nani? Hafidha akaenda siku chache kuliangalia hilo duka. Huku nyuma mvua zikashuka. Milima ya Uluguru ilipotea kabisa ndani ya wingu, radi zikawa zinagonga mchana na usiku. Bi Zuhura akachomoa nyaya zote ukutani kama alivyofundishwa, akaivalisha kompyuta kofia yake, akaivuta chini kwa nguvu mpaka ikabana, na kamba zake za kufungia akazifunga mafundo mawilimawili.

Hafidha aliporudi, akaivua kofia, akachomeka nyaya, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akashikilia kidole. Hakuna hata mngurumo.

"Radi hiyo," alisema Bi Zuhura.

"Lakini si ulichomoa, mama?"

"Nilichomoa zote. Hata ile ya feni."

Hafidha alikaa kwenye stuli, mikono mapajani. "Nitamwita fundi Abdulatif aiangalie. Lakini mama, akiniambia ndiyo imekufa, itabidi nimkubalie dada Pili. Nitakaa hapa nafanya kazi gani?"

Bi Zuhura akaitikia, "Sawa, mwanangu," akaenda jikoni kuchambua mchicha ambao alikuwa ameshauchambua.

Abdulatif alikuja baada ya swala ya adhuhuri, begi la vifaa begani, suruali imepigwa matope mpaka magotini. Walikua pamoja na Dadi mtaa mmoja, na mpaka leo akiingia nyumba hiyo huvua viatu mlangoni kama alivyofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Za kwako?"

"Nzuri. Shemeji, mgonjwa yuko wapi? Na hiki kilemba chake nani kakivua?"

"Kofia," alisema Bi Zuhura, akaichukua akaipakata.

"Samahani mama, kofia. Mimi kwangu hata watoto hawana kofia kama hiyo."

Akaanza kazi. Bi Zuhura alisogeza kigoda karibu, maana hapendi kusimuliwa kitu anachoweza kukiona. Kwanza Abdulatif alichomeka chaja ya simu yake kwenye soketi ya ukutani, ikawaka. Akahamia kwenye ekstensheni, ikawaka. Akauchomoa waya wa kioo akauchomeka kwenye sipiyu, kwa sababu nyaya hizo ni ndugu, akabonyeza, kimya. Akatazama ile swichi ndogo ya nyuma, iko sawa. Akafungua skrubu mbili, akatoa ubavu wa boksi, wote watatu wakachungulia ndani.

"Mnaona kitaa kile cha kijani? Umeme unafika mpaka ndani. Radi haijaigusa."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Zuhura.

"Subiri kwanza mama, usishukuru mapema ukaniharibia kazi."

Akachomoa waya wa ukutani. Akatoa vipande vya kumbukumbu, akavisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akavirudisha mpaka vikalia "ka". Akatoa kibetri cha duara kama shilingi, akakipima, kizima. Akapuliza vumbi, lakini vumbi lenyewe halikuwapo.

"Mashine safi namna hii sijawahi kufungua mji huu," alisema. "Kofia imefanya kazi."

Bi Zuhura akatabasamu kidogo, akailaza kofia vizuri magotini. Hafidha hakutabasamu. Alikuwa anatazama sakafu.

Abdulatif akachomeka umeme tena. Akafuata waya mwembamba unaotoka kwenye kitufe cha mbele, akauchomoa mahali ulipoingia. "Sasa tumwache huyu bawabu wa mlangoni, tuingilie jikoni," alisema, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye vijino viwili.

Feni ikazunguka. Boksi lote likanguruma, kioo kikawaka, na picha ya Dadi ikatokea, ile aliyopiga akiwa Kinole amebeba mkungu wa ndizi akijifanya umemlemea.

Bi Zuhura alikuwa na machozi, akayafuta kwa pindo la khanga, akawa anatikisa kichwa kushukuru bila maneno.

"Haijafa," alisema Abdulatif. "Ugonjwa ni kitufe. Ngoja." Akakitoa kitufe kwa mbele, akakiweka kiganjani. Springi yake ilikuwa imelala bapa, na kiguu chake cha plastiki kimevunjika. "Kimekaa kimebonyea muda mrefu. Kama kuna mtu alikuwa amekiegemea. Mashine inaona kidole hakitoki, itawakaje? Lakini siyo shida. Hiki kidogo cha chini, cha kuwashia upya, hukitumii. Waya wake nauleta huku. Kuanzia leo utawashia hapa."

Wakati anahamisha waya, Bi Zuhura aliigeuza kofia. Akalitafuta lile ua, akaweka kidole gumba nyuma yake. Lilikuwa gumu, limeshindiliwa. Akakumbuka alivyovuta kamba zile siku ya mvua.

"Abdulatif, mwanangu. Aliyekiegemea ni mimi. Ni ua hili."

Abdulatif akatazama ua, akatazama kitufe, akajikuna shingoni. "Mama, sikusema mimi."

"Mimi nimesema. Mkwe wangu alikuwa anaondoka kwa ajili ya ua langu."

"Mama," Hafidha alisema, "mimi nilikuwa najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba linabonyeza. Tangu wiki ya kwanza. Kila jioni nikiivalisha nilikuwa nalegeza kamba, nalisogeza ua pembeni kidogo. Asubuhi nalirudisha katikati kabla hujatoka chumbani. Sasa nilipokwenda Tanga ukaifunga wewe."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Ulifuma kwa wiki ngapi, na macho yanakusumbua. Ulifurahi ilivyoenea. Nikaona nisiseme."

Abdulatif aliinamia skrubu zake kama vile zimeongezeka. Kisha akasema anakwenda kunawa mikono bombani, akatoka. Ndani kukabaki mngurumo wa feni na harufu ya mdalasini kutoka kwenye birika la chai.

Bi Zuhura alikaa na kofia yake mapajani. Alifikiria jioni zote zile, binti wa watu anasogeza ua kwa vidole taratibu ili yeye asijue. Na yeye alfajiri zote zile, akimtaja binti huyo huyo kwa sauti ya chini ili asisikike. Nyumba moja, ukuta mmoja, kila mtu amefumba mdomo kwa kumhurumia mwenzake.

"Nipe mkasi," alisema.

"Usilikate mama, ni zuri."

"Silikati. Nalifumua nilihamishe ubavuni, ambako hakuna kitufe."

Hafidha akampa mkasi, akapiga magoti kushika uzi usije ukajisokota. Wakafumua pamoja, mmoja anavuta, mwingine anaviringa. Uzi mwekundu ukaanza kujaa mkononi mwa Hafidha.

"Nitamwambia nini dada Pili?" Hafidha aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe. "Anasubiri jibu leo."

Bi Zuhura aliacha kuvuta uzi.

"Siku akija mtu wa kukuposa, nitapika pilau kwa mkono wangu na nitakutoa mlango wa mbele, sitakuzuia. Lakini Tanga usiende, Hafidha. Nataka ukae hapa na mimi. Nilitaka hivyo tangu eda ilipokwisha."