Mtu wa Thelathini na Saba

Siku ya uchaguzi mdogo wa diwani, Soli alichelewa kuamka, akachelewa kunywa chai, akachelewa kufungua kibanda chake cha kushona viatu, na katika hayo yote hakuna lililokuwa jipya. Jipya lilikuwa redioni. Zumari, yule bibi aliyewaimbia watu wa rika la Soli tangu enzi za viuno vyembamba, alikuwa amefariki alfajiri.

Hapo ndipo uchaguzi ulipoharibika, ingawa ilichukua miezi mitatu na hakimu mmoja kulijua hilo.

Tuanze na mkewe. Mke wa Soli alikuwa mkunga wa zahanati ya kata, na nusu ya vijana wa pale walipita mikononi mwake kabla hawajapita kwa mtu mwingine yeyote. Chumba cha kujifungulia kilikuwa hakina maji mwaka wa tatu. Diwani aliyekuwepo alikaa katika baraza la madiwani miaka minne na hakufungua mdomo ila kwa kupiga miayo, mpaka alipopata kazi nzuri zaidi kwingine na kuondoka bila kuaga. Mkunga akasema basi, ndoo amebeba vya kutosha, atakwenda kusema mwenyewe. Akachukua fomu.

Mpinzani wake alikuwa mwenye duka la saruji, ambaye watu walimwita Bwana Saruji. Mtu mwema tu, kusema kweli. Kasoro yake ni kwamba kila shida ya kata aliiona inataka saruji.

Soli alikuwa meneja wa kampeni, cheo alichojipa mwenyewe asubuhi moja akiwa anapiga mswaki. Alikifanyia kazi cheo hicho, msimdharau. Mteja akija kuchukua kiatu, Soli alikishika mkononi kwanza, akakigeuza, akauliza, "Tarehe unaijua? Mtu wetu unamjua?" Kiatu kilitoka mkononi baada ya ahadi. Watu waliahidi. Nani atakubali kurudi nyumbani na kiatu kimoja?

Sasa, sanduku la kura liliwekwa chumba cha nyuma cha ukumbi wa kata, mlango wa kuingilia uko upande wa choo. Na karani wa kata, ambaye alimpenda Zumari kuliko alivyoipenda kazi, aliposikia ile habari redioni alitoa meza akaiweka barazani mbele ya ukumbi huohuo, akatandika kitambaa cheupe, akaweka kitabu cha rambirambi. Tatizo ni kwamba hakuwa na kitabu cha rambirambi. Alikuwa na daftari la wageni wa ofisi, limechorwa safu tangu kiwandani: Jina, Unakotoka, Shida Yako, Saa ya Kuingia, Saa ya Kutoka. Karani hakuona taabu yoyote. Watu wakajaza. Kwenye Shida Yako waliandika "huzuni", "kumlilia mama yetu", na mmoja aliandika "nilimwoa mke wangu kwa sababu ya sauti hii, nisamehewe."

Kufika mchana foleni ya daftari ilikuwa imetoka barazani, imevuka uwanja, imefika barabarani. Kule nyuma, wasimamizi wa kura walikuwa wanacheza karata.

Soli alifika saa nane na dakika kumi, kidole tayari, nia safi kabisa. Akaiona ile foleni. Foleni ndefu namna ile mtu hapiti hivi hivi, lazima aulize. Alipoambiwa ni ya nini, akapiga hesabu: kule nyuma hakuna mtu, kura ni dakika mbili, mlango unafungwa saa kumi. Atie saini kwanza, kisha azunguke. Hesabu haikuwa mbaya. Kilichoharibu ni kwamba Soli alikuwa na hadithi.

Miaka thelathini nyuma, Zumari alikuja kuimba katika ukumbi huohuo, na dakika chache kabla ya kupanda jukwaani kamba ya kiatu chake ikakatika. Aliyeitwa kuishona alikuwa Soli, wakati huo kijana anayejifunza ufundi. Aliishona kwa uzi wa nta, mishono tisa. Zumari akamwekea mkono kichwani akasema, "Ahsante, mwanangu." Soli hakuosha kichwa wiki nzima. Mkewe aliisikia habari ile mara nyingi hadi angeweza kuisimulia usingizini, na mishono aliikumbuka kuwa saba.

Pale kwenye foleni, hata hivyo, Soli alipata wasikilizaji wapya. Aliwasimulia wa mbele, wa nyuma wakalalamika hawakusikia, akarudia. Mama mmoja alilia. Alipofika mezani akaona ni ukosefu wa adabu kuandika "huzuni" tu na yeye ana mishono tisa. Akaandika yote. Maneno yalijaza mstari wake, yakashuka kwenye mistari ya watu tisa waliokuwa bado hawajafika.

"Mzee, kuna wenzako nyuma," karani alimwambia kwa upole.

"Namalizia mshono wa mwisho," Soli akajibu, na kweli akaumalizia. Kisha, kwa kuwa ni mtu mwaminifu, akaitazama saa ya ukutani ili ajaze Saa ya Kutoka. Akaandika: saa kumi na dakika tano. Akayasoma tena aliyoyaandika, akaitupa kalamu.

Alizunguka nyuma mbio. Walikuwa wanabandika karatasi kwenye mlango.

Jioni mkewe alimuuliza, "Umepiga?" Soli akanyoosha kidole. Kidole cha fundi viatu kina weusi mwaka mzima, mwenye kukipaka wino anajisumbua bure. Mkunga alikitazama, akatabasamu, akaenda kuinjika chai.

Matokeo yalibandikwa kesho yake. Waliojiandikisha, elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Waliopiga kura, sabini na watano. Bwana Saruji thelathini na nane, Mkunga thelathini na saba.

Hapa lazima niwaambie tabia moja ya wakunga. Wanaandika. Mtoto kazaliwa saa ngapi, ana uzito gani, kalia au hakulia. Mkunga alikuwa ameandika orodha ya kila mtu aliyemwonyesha wino na kumwapia, majina, moja moja. Namba moja yeye mwenyewe, namba mbili mumewe, mpaka chini kabisa namba thelathini na saba, mfua nguo wa zahanati. Na sandukuni zilitoka thelathini na saba.

"Unaona?" alimwambia Soli, karatasi mkononi, macho yamelowa lakini yanacheka. "Nimeshindwa, sawa. Lakini walioniapia wote walikuja. Hakuna hata mmoja aliyenidanganya."

Soli akasema ni kweli, wote walikuja. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na usiku ule alilala ameupa ukuta uso.

Angeweza kukiri kesho yake. Angeweza kukiri wiki ile. Lakini mtoto wa kaka yake Mkunga alikuwa ametoka chuoni akiwa wakili mpyampya, na koti lake halijapata hata mkunjo mmoja. Alikuja akasema, "Shangazi, hii kesi tunayo. Wapiga kura walipotoshwa. Ofisi ya serikali imeweka foleni mbele ya foleni. Na ushahidi wameuandika wenyewe, kwa saa na dakika." Akatoa nakala ya ombi mahakamani. Alikuwa ameomba daftari la wageni liletwe na lisomwe.

"Lote?" Soli aliuliza.

"Lote, mzee. Majina mia sita na arobaini. Nataka hakimu asikie kila mmoja."

Miezi mitatu Soli alikula kidogo. Mkewe alidhani ni uchungu wa uchaguzi, akawa anamwongezea mchuzi.

Siku ya kesi mahakama ilijaa kuliko ukumbi wa kata ulivyowahi kujaa kwa kura. Watu walikuja mapema, wakasukumana, wakagombania viti. Laiti bidii hiyo ingekuja miezi mitatu kabla. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, sura yake haitoi wala haipokei. Bwana Saruji alikaa upande wake na mkewe, mama mpole aliyepakata mkoba.

Karani wa mahakama akaanza kusoma. Jina, unakotoka, shida yako, saa. Mwanzoni watu walicheka. Kufika jina la hamsini kicheko kilikuwa kimepungua, na lile la yule aliyemwoa mkewe kwa sababu ya sauti liliposomwa, hakimu alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko vumbi lilivyodai. Mtu wa nyuma alianza kuimba taratibu.

"Hii ni mahakama," hakimu alisema. Kisha akamgeukia karani. "Soma kwa kituo. Usiwakimbize."

Soli alikuwa wa mia nne na kumi na moja. Alilijua hilo kwa sababu aliwahi kwenda kwa karani wa kata akajifanya anatafuta miwani, akahesabu. Karani aliposoma wa mia nne, jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye soksi. Mkewe alikaa pembeni yake, anasikiliza kwa makini, anatikisa kichwa kwa kila aliyemwahidi kura akaenda kulia. Wa mia nne na tano. Wa mia nne na nane.

Soli akapiga moyo konde akasimama.

"Mheshimiwa," alisema, "wa tatu kuanzia hapo ni mimi. Niliingia saa nane na dakika kumi. Nikatoka saa kumi na dakika tano. Sikupiga kura. Niliandika habari za kiatu."

Hakimu alimtazama. "Wewe ni nani?"

"Mume wa mlalamikaji. Na meneja wa kampeni."

Watu wangecheka, na walitaka kweli, lakini walimwona Mkunga, wakanyamaza. Yeye hakugeuka kumtazama mumewe. Aliitazama mikono yake iliyokuwa mapajani.

"Nani alikuzuia kuzunguka nyuma?" hakimu akauliza.

Wakili kijana alikuwa amesimama nusu, macho yanamwomba Soli aseme chochote cha kusaidia. Soli alifikiri kwa dhati.

"Hakuna, mheshimiwa. Ni mdomo wangu."

Hukumu ilikuja mchana uleule, fupi. Hakimu alisema sheria inamlinda mtu asizuiwe kupiga kura, lakini haina dawa ya mtu aliyesimama foleni nyingine kwa hiari yake, hata kama foleni ile ilikuwa na sababu nzuri. Alimwonya karani wa kata atafute meza nyingine na siku nyingine. Kuhusu kata yenye watu karibu elfu mbili kupata msemaji kwa kura thelathini na nane, alisema, hilo wakaulizane wenyewe huko nje. Ombi likatupwa.

Nje ya chumba cha kesi, kwenye benchi la ukumbi wa kungojea, Mkunga aliketi akatoa ile karatasi. Soli alisimama mbele yake, hajui mikono aiweke wapi.

"Mama watoto," alianza.

"Subiri, nahesabu."

Akakata namba mbili kwa mstari mmoja ulionyooka. Akahesabu kwa kidole kuanzia juu. Akafika chini. Akahesabu tena, polepole.

"Thelathini na sita," alisema.

"Ndiyo, kwa kuwa mimi—"

"Sandukuni zilikuwa thelathini na saba." Sasa ndipo alipomtazama. "Wewe hukuwemo. Basi wa thelathini na saba ni nani?"

Bwana Saruji alikuwa anakuja kutoa mkono wa amani, akayasikia maneno hayo, akasimama. Aliwaza kidogo. Kisha akageuka taratibu akamtazama mkewe, ambaye wakati huo alikuwa anashughulika sana na kifungo cha mkoba wake, kifungo ambacho kwa macho ya wengine kilikuwa kizima kabisa. Bwana Saruji aliurudisha mkono mfukoni. Wakaondoka wawili hao, yeye mbele, mama nyuma, na mama hakuonekana kuwa na haraka.

"Huenda ni yeye," Soli alinong'ona.

"Huenda. Na huenda ni mwingine kabisa." Mkunga alikunja karatasi. Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomtisha Soli. "Mtu nisiyemwomba. Aliingia mle ndani peke yake, akaniamini, akatoka, hakuja kuniambia, hakutaka hata ahsante. Na wewe, baba watoto, niliyekuomba, tunalala kitanda kimoja. Ningeshindwa hata hivyo labda. Ingekuwa sare, wangetupigisha kura ya bahati, ningeshindwa vilevile. Lakini ile moja nilikuwa naitaka."

Soli alisema samahani. Alisema mara tatu, na kila mara ilitoka ndogo zaidi.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Njiani Mkunga alimwamkia kila mtu. Alimwamkia muuza mkaa waliyekosana naye tangu mwaka juzi, akamuuliza hali ya mgongo. Alimwamkia mwalimu mkuu, na mzee wa nyumba ya kona ambaye hajawahi kujibu salamu ya mtu. Alisimama, akawashika mikono kwa mikono yake yote miwili, akawatazama machoni kama anayewashukuru kwa jambo. Walishangaa, lakini walifurahi. Wengine walisimama barabarani wakimtazama anavyokwenda.

Soli alimfuata nyuma, amembebea mkoba, hatua nne, tano. Kila aliyesalimiwa alimpita Soli akiwa anatabasamu, na Soli akawa anajiuliza kama ni huyu. Walipofika langoni akakusanya ujasiri.

"Na mimi huniamkii?"

Mkunga alitafuta ufunguo mfukoni, akaupata, akafungua.

"Wewe nakujua," alisema, akaingia ndani.