Loki ya Upepo

Mganga hajigangi, na fundi wa magari mara nyingi utamkuta juu ya bodaboda. Sadock alikuwa na gereji pale Same, nyuma kidogo ya barabara kuu. Watu walimletea magari kutoka Hedaru mpaka Mwanga, lakini gari lake mwenyewe, hadtopu la kijani, lilikaa na ugonjwa uliojulikana mji mzima: loki ya difu la nyuma ilikuwa haishiki. Ukibonyeza swichi, taa kwenye dashibodi inapepesa, inapepesa, halafu basi. Wateja walimtania, "Fundi, na lako vipi?" Naye anakohoa, anageuza habari.

Kwa asiyejua, loki si mapambo. Difu, kile chombo kinachogawa nguvu kwa matairi mawili, ni kitu kizuri ukiwa kwenye lami, lakini kwenye tope ni pumbavu kabisa. Tairi moja likiteleza, difu linapeleka nguvu yote kwa hilo hilo linaloteleza, na lile tairi lililokanyaga mwamba linabaki limeduwaa. Ni kama mama mwenye watoto wawili, anayemjazia ugali yule anayecheza tu. Loki inakomesha upendeleo huo. Ikishika, matairi yote mawili yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Na njia ya kupanda Suji, kijijini kwao Sadock huko milimani, wakati wa masika, wee, bila loki usijaribu.

Sadock hakuwa na haja ya kujaribu, mpaka mama yake alipotaka kurudi nyumbani.

Mama huyo, Bi Raheli, aliteremshwa mjini kabla ya Krismasi, miguu imevimba, pumzi fupi. Hospitali walimtibu walivyoweza. Mwezi wa tatu daktari, kijana mpole wa sauti ya chini, alimwita Sadock pembeni akamwambia, "Mpeleke mama akapumzike mahali anapopapenda." Sadock aliyaelewa maneno hayo pale pale. Mama mwenyewe wala hakuhitaji kuambiwa. Alikaa sebuleni kwa mwanawe, feni ikimpulizia lile joto la tambarare, akasema, "Nirudishe kwangu, mwanangu. Joto hili si la kufia mtu."

"Mama, mvua zimeanza. Njia ni mbaya."

"Zilikuwa zimeanza hata mwaka nilioolewa, na nilifika."

Jenifer, mkewe Sadock, alitoa wazo. Wapande na gari mpaka linapogomea, halafu vijana wa Suji washuke na machela wambebe mama kipande kilichobaki. Ndivyo watu wanavyofanya. Sadock alikuja juu. Mama yake abebwe begani kama maiti, na mwanawe ni fundi? Watu watasemaje? Bi Raheli alikuwepo, akisikiliza. Aliendelea kumenya chungwa lake.

Kesho yake hadtopu likapandishwa juu ya mawe. Paschal, fundi mwenzake, alishauri waitengeneze tena ile loki ya kiwandani. Sadock hakutaka hata kuisikia. Loki ile huvutwa na mota ndogo ya umeme iliyokaa huko chini kwenye difu, inapopigwa na kila dimbwi. Maji yakishaingia, kutu. Alishaifungua mara tatu, akaisugua, akaifunga, nayo ikamdanganya wiki mbili ikalala tena. "Naing'oa yote," alisema. "Naweka ya upepo." Akaagiza mzigo kutoka Arusha.

Ile kazi aliifanya kwa mkono wa mtu anayeomba. Walimwaga oili, wakachomoa ekseli, wakatoa kitovu chote cha difu na kukiweka mezani juu ya gunia safi. Wakafunga kitovu kipya. Sadock akapaka rangi meno ya krauni, ile gia kubwa, akayazungusha taratibu na pinioni, gia ndogo, ili aone yanaumana wapi; akafungua, akarekebisha, akapaka tena. Paschal alichoka kusubiri. "Bosi, unaoa au unafunga difu?" Sadock hakucheka. Kompresa, yaani pampu ya upepo, waliifunga juu kabisa, karibu na betri, mahali ambapo maji hayafiki, na kutoka hapo bomba jembamba likateremka mpaka difu. Upepo ukisukuma, loki inashika. Hakuna mota ya kuoza tena.

Siku ya kujaribu, Bi Raheli aliomba apelekwe gereji akaone. Wakamwekea kiti kivulini. Gari likiwa bado limeinuliwa, Sadock akazungusha tairi la kushoto kwa mkono, na la kulia likazunguka kinyume. Paschal akabonyeza swichi, kompresa ikanguruma, ikasikika tsss. Sadock akazungusha tena. Safari hii matairi yote mawili yakaenda upande mmoja. Sadock alicheka peke yake kama mtoto.

"Hicho kidude kinafanya nini hasa?" mama akauliza.

"Kinatufikisha Suji bila kumsumbua mtu, mama. Hakuna kusukumwa, hakuna kuvutwa na kamba."

"Bila kumsumbua mtu," Bi Raheli alirudia polepole. "Na huko juu umewaambia tunakuja?"

"Ya nini, mama? Si tutawakuta tu?"

Waliporudi nyumbani mama aliomba simu ya Jenifer, akaongea Kipare kwa muda mrefu na mtu ambaye Sadock hakumuuliza ni nani. Angeuliza, labda angejiokoa na aibu ya kesho yake. Lakini mtu mwenye chombo kipya huwa hana masikio.

Asubuhi walimkalisha mama kiti cha mbele, mto mgongoni, Jenifer nyuma na mizigo. Walipofika Makanya wakaiacha lami, wakaanza kupanda. Tope la kwanza lilikuwa zito, jekundu, limekatwakatwa na maji. Sadock akabonyeza swichi. Tsss. Taa ikawaka, ikatulia kabisa. Hadtopu likainamisha kichwa, likapita bila kelele, kana kwamba hapakuwa na tope.

"Ala! Kweli linapanda," Bi Raheli akasema.

Sadock alisikia furaha mpaka machozi yakamlengalenga. Alikuwa na hofu moja tu tangu siku ya daktari, kwamba mama angefia kwenye sebule ile ya joto akiiangalia milima dirishani. Sasa hofu hiyo ilianza kumtoka. Alijua atamfikisha, na atamfikisha yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Halafu wakafika kona kubwa iliyo chini ya kijiji, na kona ilikuwa imejaa watu.

Walikuwa thelathini hivi, wake kwa waume, majembe na karai mikononi, wamelowa mpaka magotini. Upande mmoja wa njia walikuwa wameshalaza mawe na matawi. Upande wa pili tope lilikuwa linang'aa, limewashinda. Ilikuwa msaragambo. Mpare yeyote hahitaji kuelezwa, ila kwa mgeni niseme: ikipigwa mbiu, kila nyumba hutoa mtu na jembe lake, kazi inafanywa ya wote kwa pamoja. Bi Raheli hakuwahi kukosa msaragambo hata mwaka aliofiwa na mumewe.

Rogathe, binti wa kaka yake Bi Raheli, akaja mpaka dirishani akifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo shangazi! Shikamoo kaka!"

"Marahaba, mwanangu," mama akaitika, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko wiki nzima iliyopita.

"Marahaba. Mbona mko wengi hivi?" Sadock akauliza.

"Si shangazi alipiga simu kwamba anarudi? Tuko hapa tangu alfajiri. Upande ule mvua imetushinda, lakini msijali, kamba ipo, tutawasukuma."

Sadock akacheka. Alicheka kwa wema tu, naapa, hakuwa mtu wa dharau. "Kunisukuma? Dada, hili gari halisukumwi tena, nimeliwekea loki mpya. Kaeni pembeni, mtajichafua bure."

Lo! Kuna maneno ukishayatoa unatamani uyameze. Mzee Aminieli, jirani yao wa miaka yote, aliyekuwa ameshika kamba mbele ya gari, aliiangalia ile kamba, akaanza kuikunja. Hakuna aliyenung'unika. Walisogea ukingoni kwa adabu, mmoja mmoja, kama watu wanaopisha gari la serikali. Sadock akapeleka kidole kwenye swichi.

"Acha," mama yake akasema.

"Mama, bila loki hapa tunakwama."

"Basi tukwame."

"Mama, wewe ni mgonjwa. Nimehangaika wiki tatu ili usikwame."

"Najua, na umefanya kazi nzuri. Gari lako ni zima, Mungu akubariki." Alishusha kioo mpaka chini. "Lakini hawa wametoka kwao kwa ajili yangu. Nimewalimia walipougua. Wake zao nimewazalisha. Leo wanataka kunipa mikono yao, halafu niwapite hivi hivi? Warudi nyumbani na nini?" Akapumzika, akavuta pumzi. "Kunizika watanizika, Sadock, hilo halina shaka. Watakuja wote na wataimba vizuri. Lakini siku hiyo sitawasikia."

Aibu ilimpanda Sadock, na nyuma ya aibu ikaja huzuni ile aliyoikimbia wiki zote tatu, akiwa chini ya gari, akipaka rangi meno ya krauni. Sasa hapakuwa na difu lililobaki la kufungua ili aikwepe. Akatoa kidole kwenye swichi, akatia gia, akaingia kwenye tope.

Hawakufika mbali. Tairi moja likalia, likarusha matope mpaka kwenye migomba, na hadtopu likakaa chini kwa tumbo lake.

"Jenifer, njoo ushike stelingi," Sadock akasema. Akavua viatu, akashuka. "Mzee Aminieli, shikamoo. Naomba kamba."

"Marahaba," mzee akajibu, na akaikunjua haraka kuliko alivyoikunja.

Wakajipanga. Wa mbele wakashika kamba, wa nyuma wakaweka viganja kwenye mlango na bampa. Sadock akajibana kati ya Rogathe na kijana asiyemfahamu. "Kaka, sukuma basi," Rogathe akamchokoza, "au mjini mnasukumiwa tu?" Watu wakaangua kicheko. Mtu akaanzisha wimbo, wakaupokea, gari likatikisika, likarudi, likatikisika tena. Tope lilimjaa Sadock mdomoni, na alikuwa analia waziwazi, na katika matope yale hakuna aliyeona wala aliyejali.

Kule mbele, kupitia dirisha lililo wazi, Bi Raheli akaanza kuwaita, kama mwita msaragambo anavyohesabu nyumba zilizotoa mtu. Aliita kwa sauti nyembamba, jina moja, halafu pumzi, halafu jina jingine. Aminieli! Akaitika. Rogathe! Akaitika. Sylvester, Faustina, Vitus, kila mmoja akaitika huku anasukuma, na hadtopu likaanza kupanda, shubiri moja, shubiri nyingine.

"Sadock!"

"Niko hapa, mama," akaitika, akasukuma.