Abiria wa Namba Mbili

Alasiri, fundi Perlita aliingia bandani na spana yake kuchomoa pampu ya mafuta ya helikopta Namba Mbili, akamkuta kaka yake Crisanto amekaa kiti cha nyuma. Alikuwa amefunga mkanda, nguo zinachuruzika maji. Crisanto alikuwa baharia wa feri iliyozama mwezi Juni mbele ya kituo hichohicho cha walinzi wa pwani, siku ambayo helikopta zote mbili zilikuwa juu ya mawe kwa kukosa spea. Pembeni yake walikaa abiria wanne wa feri ile. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini hawa walikuwa wametulia tuli.

"Tumekuja kuokolewa," Crisanto alisema.

"Mmechelewa, Manoy, kaka yangu."

"Nani kachelewa, Inday, mdogo wangu? Sisi au nyie?"

Perlita alijaribu kumfungua mkanda, ukagoma. Mkanda aliojifunga mfu haufunguki mpaka chombo kiruke na kutua. Kamanda wa kituo, Villarosa, alipopelekewa habari, aliagiza mabeseni yawekwe chini ya viti, sakafu isiharibike.

"Na spea, bosi?" Perlita aliuliza.

"Zimeagizwa makao makuu. Subirini."

Tangu Juni jibu lilikuwa hilo. Namba Moja iliruka kwa vipuri vya Namba Mbili, na kilichochomolewa hakikurudi. Perlita aliapa kwamba kaka yake ataruka, wapende wasipende. Akawa anabaki baada ya kazi, anachonga, anapachika, anawabembeleza mafundi wa uwanja wa ndege wa raia. Mchana alimpelekea Crisanto wali na samaki mkavu.

"Mbona hauna chumvi huu?"

"Chakula cha wafu hakitiwi chumvi, si unajua."

"Kwa bahari yote niliyokunywa, chumvi ninayo," alisema Crisanto, na wenzake wakacheka, maji yakiwatoka puani.

Kufikia Novemba, Namba Mbili ilibaki kujaribiwa tu. Asubuhi ya kuijaribu, boti ya wakulima wa mwani ikapinduka karibu na kisiwa cha Dinagat, na mhimili unaozungusha panga la mkia wa Namba Moja ukakutwa na ufa. Kituoni mhimili mzima ulikuwa mmoja, wa Namba Mbili. Perlita alipanda ngazi, akasimama pale na spana. Alitaka wale watu wa mwani wazame. Alilitaka hilo kwa moyo wake wote, na kaka yake akaliona usoni mwake.

"Fungua, Inday," Crisanto alisema. "Wale bado wanapumua."

Akafungua, huku analia bila kujificha.

Namba Moja ilirudi na watu wanne, wakapewa supu na mablanketi. Wa tano, mama mmoja mnene, aliingia bandani jioni kwa miguu yake, mwani nyweleni, akauliza akae wapi. Kiti kilikuwa kimebaki kimoja. Akaketi, akajifunga mkanda.

"Tunaondoka lini, mwanangu?"

Wote walimgeukia Perlita.

"Spea zimeagizwa makao makuu," Perlita alisema. "Subirini."

Crisanto aliinamia sahani yake. Perlita akatoka kwenda kutafuta beseni la sita.