Marehemu Aliyekatisha Safari

Ilikuwa Jumapili, saa kumi alasiri, mawingu yametanda na mvua haijaamua kunyesha. Fundi cherehani alishuka kwenye stesheni ya katikati ya njia, akaenda moja kwa moja hadi chumba cha kusubiria, alimokaa marehemu mumewe tangu mwezi wa pili. Alimkuta akisoma gazeti kwa kuchungulia begani mwa jirani.

"Leo tunaondoka wote," alimwambia. "Watoto wamechoka kuuliza."

"Mimi niko tayari, mama watoto. Waulize wenye reli."

Mumewe alifia ndani ya behewa, treni ikiwa imesimama hapo hapo. Kifua kilipombana aliomba kushuka; hospitali ilionekana dirishani. Kondakta alimkumbusha kanuni: mwenye tiketi ya kwenda na kurudi akikatisha safari njiani, tiketi imekufa. Mumewe aliketi ili tiketi isife. Akafa yeye.

Fundi aliipenyeza tiketi chini ya kioo cha karani.

"Kipande cha kurudi hakijatumika, mwanangu."

Karani alikigeuza huku na huku. "Alikata roho hapa, mama. Kukata roho ni kukatisha safari."

"Basi nimkatie mpya."

"Tiketi mpya anauziwa aliye hai."

"Haya, msafirisheni kama mzigo."

Karani alimtazama marehemu, ambaye wakati huo alikuwa akimwamkia mzee mmoja na kumpisha kwenye benchi.

"Mzigo hausalimii watu, mama."

"Nilipanga kunyamaza," alisema marehemu. "Adabu imeniponza."

Treni ya kurudi iliingia. Karani alifunga dirisha, akaenda kunywa chai. Marehemu alimfunga mkewe kifungo cha koti, akamwomba asiwadanganye watoto. Kondakta, yule yule, alikuwa mlangoni mwa behewa akimweleza mwanamke mjamzito, aliyeinama kwa uchungu, kwamba kushuka ni kukatisha.

"Shuka, mwanangu," fundi alimwambia. "Shuka sasa hivi."

Mjamzito aliitazama hospitali, akaitazama tiketi yake, akarudi kitini. Fundi alipanda, akaketi kando yake, akamshika mkono. Kondakta akapuliza filimbi.