Herufi za Nyuma ya Gari

Moindjié alikuwa dereva wa ofisa mmoja wa mamluki mjini Moroni. Siku gari lilipozimika njiani, ofisa akiwa ndani, mamluki walimtuhumu kuwa amelihujumu. Wakamfungia kambini. Mkewe, Sittina, mmoja wa Wakomoro waliokimbia mauaji ya Majunga, Bukini, aliambiwa langoni kwamba gari likiwaka, mumewe atatoka.

Fundi Combo wa mtaa wa Magoudjou alilikagua, akasema pampu ya mafuta imekufa, na kisiwa kizima cha Ngazidja hakuna nyingine. Ila mjini Mutsamudu, kisiwa cha jirani, yuko mfanyabiashara, Ridjali, mwenye gari bovu la kampuni ileile iliyounda la ofisa.

"Tazama nyuma," Combo alimsisitiza. "Pawe pameandikwa 280 SE. Pampu ya gari jingine usichukue."

Sittina alivuka kwa boti ya mizigo, akitapika njia nzima. Ridjali alimchukua hadi Mirontsy, nje kidogo ya mji, kwenye ua alikoliweka gari lile. Lilikuwa dogo kuliko la ofisa. Nyuma paliandikwa 280 E.

Sittina akaketi chini na kulia. Ridjali, aliyewahi kufanya kazi Mombasa kwa wakala wa magari hayo, alichuchumaa kando yake.

"Sikiliza, mwanangu. Namba ni ukubwa wa injini. S ni bodi kubwa, ya mabwana. E ni namna mafuta yanavyoingia: yanasukumwa kwa pampu ya umeme. Magari ya kampuni hii ni mengi, lakini injini moja huitia katika bodi tofauti."

"Kwa hiyo pampu ni ile ile?"

"Ndivyo nijuavyo. Lingekosa hiyo E, ningekwambia urudi mikono mitupu."

Kama mzee amekosea, mumewe ataozea mle kambini. Lakini hakuwa na pengine pa kwenda. Ridjali akaing'oa pampu, naye Sittina akaifunga kwenye leso, akarudi.

Combo aliifunga pampu kambini, askari wakimsimamia. Nje ya lango Sittina akasikia injini ikinguruma, akamshukuru Mungu kwa sauti. Lango likafunguliwa, gari likatoka. Usukani ulishikwa na mtu mwingine. Sittina alilikimbilia, akagonga kioo, akilitaja jina la mumewe. Ofisa, aliyeketi nyuma, hakugeuza shingo.

Mlinzi alimwambia kwamba amri ya gari anayo, ya mfungwa hajapewa.

Alirudi pale kila asubuhi, akafukuzwa kila asubuhi. Moindjié aliachiwa karibu na Ramadhani, bila maelezo. Mkono wake wa kulia ulikuwa haukunjiki tena, na mkewe ndiye aliyemlisha futari.