Bajaji ya Umeme na Mama Mkwe

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, wala simsingizii mtu. Serikali ilikuwa imepunguza kodi ya vyombo vya umeme, nami nikauza bajaji yangu ya petroli, nikachukua ya umeme. Asubuhi nzima niliwazungusha nayo bure madereva wenzangu pale Majengo, nikiwatania kwa foleni zao za mafuta.

Mchana simu ikaja kutoka Makutupora. Mke wangu, Munira, alikuwa kwao na uchungu ulikuwa umemshika. Nilipowapakia yeye na mama yake, betri ilisoma asilimia tisa. Nikaondoka hivyo hivyo. Ikawa sita, ikawa tatu. Munira aling'ata khanga. Mlima wa zahanati ulipoanza, bajaji ikasimama.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hata sahani moja sijawahi kula naye, alishuka, akajifunga kitenge kiunoni, akasukuma bega kwa bega nami. Ndani Munira aliniita mara moja, kisha kimya. Nilisukuma huku naogopa kugeuza macho nimtazame.

Tulifika. Baada ya muda tukasikia mtoto akilia, na nesi akatuambia mama yake mzima. Hapo ulimi wangu ukarudi.

"Lakini mama, chombo chenyewe kizuri. Kodi yake nimepunguziwa."

Akajifuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Sawa, baba, kodi wamekupunguzia. Na mlima je, nani kakupunguzia?"